Kabla ya Kutafsiri Ngazi, Fuata Uzito Wake

Jumba la kale la Ufaransa linapokarabatiwa, michoro na ripoti zake zinaweza kuhitajika kwa Kiingereza pia. Hapo ngazi humtega mfasiri kirahisi, kwa kuwa majina ya sehemu zake hutaja kazi: kipi kinabeba kipi, na kipimo kinaanzia wapi. Kamusi ya kawaida haielezi hayo.

Chukua ngazi za mawe zinazozunguka ndani ya minara ya Zama za Kati. Katikati yake pana mhimili uitwao noyau, neno ambalo sokoni lina maana ya kokwa ya tunda. Kwa Kiingereza ni newel, lakini newel ni pia nguzo fupi ya mbao inayoshikilia mwisho wa reli katika nyumba za kawaida. Katika mnara, mara nyingi kila kipandio huchongwa pamoja na kipande chake cha mhimili katika jiwe moja, kisha vipande hupangwa kimoja juu ya kingine. Kipandio kilicholika hakichomolewi hivihivi, maana kimebeba vyote vilivyo juu yake. Mfasiri akiandika solid newel, mwashi anajua mapema kwamba mhimili na vipandio ni kitu kimoja.

Ngazi za mbao zina mtego wake. Boriti ya pembeni inayobeba vipandio ni limon. Waingereza husema string, Wamarekani stringer. Ncha za vipandio zikizama ndani ya boriti, Wafaransa huziita ngazi à la française. Boriti ikikatwa meno kama ya msumeno na vipandio vikakaa juu yake, huziita à l'anglaise, yaani za Kiingereza. Lakini ukimwandikia seremala wa London “English stair”, hatajua akate nini. Yeye huziita za kwanza closed string na za pili cut string.

Kosa la kipimo ni la hatari zaidi. Katika karne ya 17, msanifu majengo François Blondel alifundisha kwamba kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha giron, kiwe futi mbili za Kifaransa za wakati ule, karibu sentimita 65. Giron ni umbali wa mlalo kutoka ncha ya kipandio kimoja hadi ncha ya kinachofuata. Uingereza huuita going. Ukiandika tread, msomaji anaweza kupima ubao mzima, pamoja na sehemu inayochomoza mbele. Kimo cha sentimita 16 na giron ya 32 hutoa 64; ongeza mchomozo wa sentimita 3, unapata 67, na ngazi isiyo na kasoro inahesabiwa kuwa mbovu.

Huko Chambord, kasri ambalo mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519, kuna escalier à double révolution. Ukitafsiri neno kwa neno, msomaji atadhani ni ngazi moja inayozunguka mara mbili. Kumbe ni ngazi mbili zinazopanda kwa kuzunguka kiini kimoja chenye uwazi ndani. Anayepanda na anayeshuka huonana kupitia madirisha yake bila kukutana. Kiingereza sahihi ni double helix.

Majina mengine yaachwe yalivyo. Vis de Saint-Gilles limetokana na abasia ya kusini mwa Ufaransa, yenye ngazi ya karne ya 12 iliyofunikwa kwa dari la mawe la umbo la tao, linalopanda likizunguka pamoja nayo. Hapo Kifaransa kibaki, kifuatwe na sentensi moja ya maelezo.

Basi mfasiri aombe kwanza mchoro wa mkato na picha, aulize uzito unashukia wapi na kipimo kimechukuliwa kutoka wapi hadi wapi. Wasomaji wake wameshika patasi. Jiwe la miaka 500 likishakatwa kwa maelezo yenye makosa, kusahihisha ripoti hakutalirudisha.