Fundi wa Gemu Asiyeweza Kulipwa

Kwa miaka mingi kijana wa Tehran aliyetaka kujifunza kutengeneza programu za simu alifungua tovuti rasmi ya Android na kukutana na ukurasa mweupe wenye namba 403. Maana yake ni kwamba kompyuta ya upande wa pili imelipokea ombi lake, imelielewa, na imelikataa. Imesoma anwani yake ya intaneti, ikaona inatoka Iran, basi. Hakuna pa kukata rufaa.

Chanzo cha katazo hilo ni Wizara ya Fedha ya Marekani, kupitia ofisi yake ya vikwazo iitwayo OFAC. Kanuni zake zinazuia kampuni ya Marekani kumuuzia au kumhudumia mtu aliyeko Iran bila kibali, na programu inayopakuliwa kwa kubofya inahesabiwa humo. Sasa, gemu za siku hizi ni nadra kujengwa kuanzia sifuri. Nyingi husimama juu ya injini, yaani programu kubwa inayokuja na kazi ngumu zikiwa zimeshafanywa: mwanga unavyopiga ukutani, mpira unavyodunda, mhusika anavyojikwaa. Injini mbili zinazojulikana kuliko zote ni Unity na Unreal. Unity ilizaliwa Copenhagen mwaka 2004 lakini ikahamishia makao yake San Francisco. Unreal ni mali ya Epic Games ya North Carolina. Zote mbili, basi, ziko chini ya sheria za Washington.

Msomaji mjanja atauliza: kwani hawawezi kupita mlango wa nyuma? Wanaweza, na wanapita. VPN humfanya mtu wa Isfahan aonekane yuko Ujerumani. Iran kwenyewe kuna huduma kama Shecan, iliyobuniwa mahsusi kuwavusha watu kwenye tovuti zinazowakataa kwa sababu ya vikwazo. Tatizo ni kwamba serikali yao nayo inachuja intaneti, kwa hiyo kuna kurasa wanazozuiwa na Tehran na nyingine wanazozuiwa na Marekani, na njia inayovuka ukuta mmoja si lazima ivuke ule wa pili.

Kwa hiyo injini itapatikana. Kinachokosekana ni leseni. Unreal, kwa mfano, humruhusu mtu kutengeneza gemu bure, na Epic huanza kudai asilimia 5 pale mapato ya gemu hiyo yanapozidi dola milioni moja. Ni masharti mepesi kwa anayeanza. Lakini mkataba wake una kifungu kuhusu nchi zilizowekewa vikwazo, na anayebofya "nakubali" akiwa Tehran ameuvunja kabla hajachora hata mti mmoja. Akifika sokoni, kazi yake ya miaka mitatu imesimama juu ya karatasi batili.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo kufuli lenyewe. Kuweka gemu kwenye duka la Steam ni dola 100. Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple ni dola 99 kwa mwaka. Hakuna studio makini inayoshindwa na kiasi hicho. Ila benki za Iran zimetengwa na mitandao ya Visa na Mastercard, kwa hiyo mwenye hela mkononi hana kadi ya kulipia, na hata akipata ndugu Toronto wa kumlipia, mapato ya mauzo hayana njia halali ya kumfikia. Mwezi Agosti 2017 Apple iliondoa programu kadhaa za Kiirani kwenye duka lake, ikieleza kuwa vikwazo ndivyo vinavyoilazimisha. Wengi wamebaki na Cafe Bazaar, duka la ndani linalouza kwa sarafu ya ndani.

Wachezaji nao hawakupona. Mwaka 2012 kampuni ya gemu ya Blizzard iliwafungia Wairani gemu yake ya World of Warcraft na kusema haiwezi kuwarudishia fedha zao, kwa kuwa hata kurudisha kunakatazwa. Miaka 7 baadaye gemu ya League of Legends ikafungwa Iran na Syria.

Kampuni huogopa kupita kiasi, na hofu hiyo ina sababu. OFAC inaweza kuitoza kampuni faini hata kama kampuni haikujua kwamba mteja yuko nchi iliyokatazwa. Wanasheria wakisikia hivyo hushauri kufunga zaidi ya sheria inavyotaka. Desemba 2018 Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilifunga akaunti za watu waliokuwa wamewahi tu kufungua programu hiyo wakiwa Iran, baadhi yao wakiishi Kanada na Ulaya. Ikabidi iombe radhi. Julai 2019 GitHub, ghala ambamo watengenezaji wa programu duniani huhifadhi kazi zao, iliwazuia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kufikia hifadhi zao binafsi. Watu waliamka na kukuta msimbo wao wenyewe uko nyuma ya kufuli. Kwa Iran, GitHub ilipata kibali Januari 2021, baada ya miaka miwili ya kuishawishi serikali.

Baadhi ya watengenezaji wa gemu waliondoka Iran, au waliondoka nusu. Dead Mage, studio iliyoanzia Tehran, ilitoa Garshasp mwaka 2011, gemu ya mashujaa wa hadithi za kale za Uajemi, kwa kutumia injini huria ya Ogre. Baadaye ikajisimika Texas, na gemu yake Children of Morta ilitoka 2019 kupitia mchapishaji wa Poland, 11 bit studios. Ilisifiwa sana.

Programu huria ndiyo pumzi ya waliobaki. Msimbo uliochapishwa wazi kwa kila mtu kwa kawaida hauguswi na sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia, na injini ya Godot, iliyoanzishwa na Waajentina wawili na kuachiwa huria mwaka 2014, haidai chochote wala haimuulizi mtu anatoka wapi. (Msimbo wake, hata hivyo, unakaa GitHub, kampuni ya Microsoft.) Godot inamaliza tatizo la leseni. La kadi ya benki linabaki palepale.

Septemba 2022, wakati wa maandamano ya Iran, OFAC ilipanua kibali chake cha jumla kinachoruhusu huduma za mawasiliano kwa Wairani na kuyataja majukwaa ya kucheza gemu mtandaoni. Injini za kuzitengenezea hazikutajwa.

Kuhusu vikwazo kuondolewa, mfano uko jirani. Vikwazo vya biashara dhidi ya Sudan vilianza 1997 na kufutwa Oktoba 2017. Jina la nchi hiyo lilibaki kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi hadi Desemba 2020, na katika kipindi hicho cha kati benki na kampuni nyingi za kigeni ziliendelea kuikwepa, ingawa katazo lenyewe lilikuwa limeshakufa.