Macho Hayapigi Gitaa

Siku moja tulipita katika kijiji kimoja huku Manyovu. Nyuma ya nyumba tulimkuta mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi. Haoni. Alikuwa anagonga debe, na mdundo wake ulikuwa mzuri kweli. Baba yake akasema, "Mwacheni tu, walimu. Huyu atafanya kazi gani?"

Tulimwuliza kama anaikumbuka ile ngoma ya Radio Tanzania iliyolia kabla ya taarifa ya habari. Anaikumbuka sana. Basi, aliyeipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, na Mzee Morris alikuwa haoni. Alipiga ngoma nyingi kwa mara moja, peke yake. Mwaka 1970 alikwenda kuzipiga Osaka, Japani, katika maonyesho ya mataifa.

"Ngoma sawa," mzee akajibu. "Lakini gitaa lina nyuzi sita. Utalipigaje bila kuona?"

Hapo tukamweleza habari za Amadou Bagayoko wa Mali, Afrika Magharibi. Alizaliwa Bamako mwaka 1954. Macho yalimwishia akiwa na miaka 16, naye akawa mpiga gitaa hodari.

Mpigaji hubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine huzikwanyua. Uzi ukibanwa karibu na tumbo la gitaa, sehemu inayotikisika huwa fupi, na sauti hupanda. Shingoni mna vyuma vyembamba vilivyokatiza. Kidole huvigusa kikajua kimefika wapi, kama mama anavyojua chungu kiko wapi jikoni usiku. Hata mpigaji mwenye macho akishazoea, haangalii.

Amadou alitunga na kuimba pia. Alichanganya muziki wa kwao na wa Marekani na wa Kuba. Ni kama maharage na mawese: kila kimoja unakitambua, lakini mchuzi ni mmoja. Katika chuo cha vijana wasioona, Bamako, alikutana na mwimbaji Mariam Doumbia. Walioana mwaka 1980. Santuri yao ya mwaka 2004, "Dimanche à Bamako", yaani Jumapili mjini Bamako, iliwatangaza duniani. Amadou alifariki Aprili 2025, akiwa na miaka 70.

Mariam yeye alipofuka akiwa na miaka mitano, kwa sababu ya surua. Surua hupofusha hasa mtoto aliyepungukiwa vitamini A. Chanjo yake iko zahanati: mtoto huchomwa akiwa na miezi 9, tena akiwa na miezi 18. Maneno haya tuliyasema mara mbili, maana mama wa nyumba alikuwa amepakata mtoto mchanga.

Mzee akauliza, shule ya wasioona iko wapi? Iko Buigiri, Dodoma, tangu mwaka 1950. Iko pia Furaha, Tabora, na reli ya Kigoma inapita Tabora.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza nauli ni kiasi gani.