Mgongo wa Dereva wa Kijiko

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi haujatulia. Katika kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, kama ilivyo kwingineko jijini, mchanga, kokoto na kifusi huhamishwa kutoka kucha hadi kuchwa. Mahali penye fedha za kutosha kazi hiyo hufanywa na mashine kubwa zilizoundwa kwa ajili hiyo tu. Pasipo na fedha hizo hutumika trekta la kawaida la shamba, lililofungwa mikono miwili ya chuma na kijiko mbele yake. Huchota, hurudi nyuma, hugeuka, humwaga ndani ya tela, kisha huanza tena.

Kwa mtazamaji, dereva wa trekta hilo anaonekana kuwa mtu aliyepumzika. Wapakiaji wa koleo humwonea wivu, kwa kuwa yeye amekaa na wao wamesimama juani. Lakini jioni ndiye anayeshuka kwa uangalifu, mkono mmoja ukishika usukani na mwingine ukiwa kiunoni. Hununua vidonge vya maumivu katika duka la dawa, na baada ya wiki kadhaa huenda zahanati. Huko huulizwa kama alianguka, au kama aliinua mzigo mzito. Hajaanguka wala hajainua kitu, na anasema hivyo. Kwenye daftari huandikwa kwamba ana maumivu ya mgongo, anaongezewa vidonge, na asubuhi anarudi kwenye kiti kilekile.

Nyanda hizi za kati zina historia ndefu ya matrekta. Mwaka 1947, huko Kongwa, mashariki mwa Dodoma, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta yaliletwa kutoka katika mabaki ya vita ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mibuyu haikung'oka kirahisi. Udongo wa mfinyanzi, mvua ilipokwisha, ulikauka ukawa kama saruji, na mchanga wake ukala vyuma. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Masimulizi mengi ya Kongwa yanahesabu mashine zilizoharibika na fedha zilizozama. Vijana waliofundishwa udereva kwa haraka na kukalishwa juu ya mashine hizo kutwa nzima, juu ya ardhi hiyohiyo ngumu, hawatajwi sana, na migongo yao haitajwi kabisa.

Gari la abiria lina springi na shokapu kati ya magurudumu na mwili wake. Trekta la shamba, hasa yale ya zamani yaliyoenea nchini, halina. Ekseli ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye kiwiliwili cha trekta, na kati ya dereva na ardhi hakuna kilicho laini isipokuwa tairi na kiti. Tairi hudunda vizuri, ila halijui kutulia: likishtuliwa mara moja huendelea kudunda. Ukiongeza kijiko chenye mchanga, kilichoning'inia mbali mbele ya magurudumu ya mbele, trekta lote huanza kuinama na kuinuka kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Dereva anayekaa karibu na ekseli ya nyuma hupigwa kutoka chini, husukumwa mbele, kisha hurudishwa nyuma, mara mamia kwa siku.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Kwa mtu mzima kisahani hicho hakina mishipa yake ya damu. Lishe yake hupenya polepole kutoka katika mifupa inayokizunguka. Kwa hiyo kikichoka hakiponi haraka. Misuli ya mgongo hujaribu kukilinda kwa kukaza kila mshtuko unapokuja, lakini mtetemo unapokuwa wa haraka misuli huchelewa, na hatimaye huchoka. Dereva wa kijiko ana tatizo la pili: hakai wima. Anainama mbele ili aone ukingo wa kijiko, kisha anajipinda kutazama nyuma anaporudi. Mtetemo unaomkuta mtu aliyejipinda humwumiza zaidi kuliko unaomkuta aliyekaa sawa.

Kuna sababu nyingine, nayo haionekani kwa macho. Bembea ikisukumwa kwa wakati wake hupanda juu hata kwa nguvu ya kidole. Kiwiliwili cha mtu aliyekaa nacho kina wakati wake: kikitikiswa juu na chini takriban mara 4 hadi 6 kwa sekunde, huukuza mtetemo badala ya kuuzima. Bahati mbaya, trekta linalodunda juu ya matairi yake hutoa mitetemo iliyo jirani sana na kiwango hicho.

Uchunguzi wa suala hili si wa jana. Mwaka 1994 Massimo Bovenzi na mwenzake Betta walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva wa matrekta 1,155 nchini Italia na wafanyakazi wa ofisini 220. Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yalikuwa mengi zaidi kwa madereva, nayo yaliongezeka kadiri kiasi cha mtetemo walichokwisha kupokea kilivyoongezeka na kadiri mkao wao ulivyokuwa mbaya.

Mtetemo hupimwa kwa kifaa kilichowekwa ndani ya kisahani cha mpira ambacho dereva hukikalia, kwa utaratibu uliowekwa katika kanuni ya kimataifa ya ISO 2631 ya mwaka 1997. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua wastani wa siku ya saa 8 unapofika mita 0.5 kwa sekunde mraba, na inakataza kuvuka 1.15. Hesabu yake ina jambo ambalo mmiliki wa trekta anapaswa kulijua. Nguvu ya mtetemo ina uzito kuliko muda. Mtetemo wa 0.5 humfikisha dereva kwenye kiwango cha kuchukua hatua kwa saa 8. Mtetemo wa 1.0, ambao ni maradufu tu, humfikisha hapo kwa saa 2. Kwa maana nyingine, anayeupunguza mtetemo kwa nusu amemfanyia dereva jambo lilelile kama angempunguzia saa za kazi zikabaki robo. Na tripu hazijapungua.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Mtetemo unaanzia ardhini, na trekta la kijiko limebeba chombo cha kusawazishia ardhi. Dereva akitumia nusu saa ya kwanza ya siku kufukia mashimo na kukwangua matuta katika njia fupi anayokwenda na kurudi, atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya mishtuko ya siku nzima. Inashangaza ni mara ngapi kijiko husawazisha kiwanja cha mwenye nyumba huku njia yake mwenyewe ikibaki makorongo.

Baada ya ardhi ni mwendo. Hapa ushauri wa daktari hugongana na mfuko wa dereva, kwa sababu anayelipwa kwa tripu hupunguza ujira wake kila anapopunguza gia. Kumwambia aende polepole bila kugusa namna anavyolipwa ni kumpa dawa asiyoweza kuimeza. Mmiliki anayelipa kwa siku, au anayeweka kikomo cha tripu, amefanya zaidi kwa mgongo huo kuliko chupa nzima ya dawa ya kuchua.

Matairi hujazwa upepo kwa mazoea: mengi hujazwa hadi yawe magumu kama gogo, kwa hofu ya mzigo. Ni kweli kwamba tairi la mbele la trekta la kijiko linahitaji upepo zaidi, na tairi legevu chini ya mzigo ni hatari. Lakini kitabu cha tairi kina jedwali la upepo kwa uzito na mwendo, na kipimo cha upepo si ghali. Kijiko nacho kibebwe chini, karibu na ardhi, wakati wa kwenda. Kikiinuliwa juu hukuza kila yumbo na huweza kupindua trekta. Nyuma nako kuwe na uzito wa kutosha uliofungwa ipasavyo, la sivyo magurudumu ya nyuma huwa mepesi na kurukaruka. Pini na bushi za mikono ya kijiko zilizolika hugonga chuma kwa chuma. Grisi ya kila siku hugharimu kidogo.

Kwenye matrekta mapya kuna kifaa ambacho mafundi wa nyumbani wanaanza kukiulizia. Mafuta ya haidroliki hayabonyei. Kwa hiyo kijiko kinapopita juu ya jiwe, mshtuko hupita katika mafuta kama unavyopita katika chuma na kuingia katika mwili wa trekta. Wahandisi huunganisha kwenye njia ya mafuta chupa imara yenye gesi ya naitrojeni, ikitenganishwa na mafuta kwa utando wa mpira. Mshtuko ukija, mafuta huisukuma gesi, gesi hubonyea na kurudi, na kijiko huelea badala ya kugonga. Kuna vali ya kuifunga chupa hiyo wakati wa kuchota, ili kijiko kiwe imara. Kazi hii si ya kubahatisha. Oksijeni ya fundi wa kuchomelea isiingizwe humo kamwe, kwa kuwa ikikutana na mafuta yenye msukumo hulipuka. Na mafuta ya haidroliki yanayochuruzika kwa kasi kutoka katika tundu dogo huweza kupenya ngozi ya kidole na kuacha alama ndogo kama ya sindano. Alama hiyo ni dharura ya upasuaji, hata kama haiumi sana saa ile.

Mwisho ni kiti, na hapa nia njema hukosea. Kiti cha trekta kinapochakaa, dereva hukiwekea kipande cha godoro la sponji. Sponji humwondolea uchungu wa chuma, na hilo si dogo. Lakini katika mitetemo ya takriban mara 4 kwa sekunde, ileile ambayo mwili huikuza, sponji laini huiongeza badala ya kuipunguza. Kinachopunguza ni springi na shokapu zilizo chini ya kiti, zikiwa nzima na zikiwa zimepangwa kwa uzito wa anayekikalia. Viti vingi vina kitasa cha kupanga uzito ambacho hakijaguswa tangu trekta linunuliwe. Dereva wa kilo 55 akikalia kiti kilichopangwa kwa kilo 90, springi hazibonyei. Wa kilo 90 akikalia cha kilo 55, hugonga chini kila shimo. Akikaa, kiti kinatakiwa kisimame katikati ya safari yake ya juu na chini. Shokapu inayovuja mafuta ibadilishwe kabla ya kitambaa cha kiti.

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwataka madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: anafanya kazi gani. Katika zahanati ya Dodoma swali hilo linahitaji wenzake wachache: anaendesha mashine ipi, kwa saa ngapi, kwa miaka mingapi, na kiti chake kikoje. Majibu yaandikwe. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka magonjwa yatokanayo na mtetemo katika orodha yake ya magonjwa ya kazini, na Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kibarua asiye na mkataba, ambaye daftari lake la zahanati linasema tu "maumivu ya mgongo", ana kazi ngumu ya kuonyesha maumivu hayo yalitoka wapi.

Maumivu mengi ya mgongo hupungua kwa kupunguza mtetemo, kutembeatembea kila baada ya saa moja au zaidi kidogo, na kuimarisha misuli. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Dereva ambaye maumivu yake yameanza kushuka mguuni hadi chini ya goti aonwe na daktari ndani ya siku chache. Yule ambaye mguu umelegea, au ambaye hahisi ngozi ya katikati ya mapaja, au ambaye mkojo umeziba au unamtoka bila kujua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.