Umri wa Mtu Aliyeiacha Imani: Tafakari ya Kichungaji kutoka Ilagala

Mchungaji anayefika Ilagala, pale Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, hujifunza mapema kwamba wazee wengi wa huko hawahesabu umri wao kwa tarehe. Mmoja atasema kwamba alikuwa kijana wa kuvuta nyavu wakati ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya ufukweni, katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Mwingine atasema kwamba wakati wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, alikuwa tayari na watoto wawili. Lakini ofisi ikitaka mwaka kamili, kwa ajili ya kitambulisho au matibabu ya wazee, ndipo kisanduku hufunguliwa na cheti cha ubatizo hutolewa. Kwa Wakristo wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hicho ndicho cheti pekee cha kuzaliwa walicho nacho. Tarehe iliyoandikwa humo yaweza kuwa ya kukisia, kwa maana mwinjilisti aliyeiandika alitegemea kumbukumbu za mama mzazi. Hata hivyo nyingine hakuna.

Tunaanza na cheti hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo sisi watumishi wa Kanisa hatulitafakari sana. Dini ndiyo iliyompa mtu wa kwetu hesabu ya miaka yake, na dini hiyo hiyo ndiyo iliyompa maana ya hesabu hiyo. Je, mtu anapoiacha dini, umri wake unakuwa kitu gani kwake? Hesabu huondoka nayo. Maana huiacha nyuma.

Tunaposema kuacha dini hatumaanishi kuhama dhehebu, wala kutoka katika Ukristo na kuingia katika Uislamu, wala kurudi kwa mganga usiku na kuja kanisani asubuhi. Hayo tumeyazoea. Tunamaanisha mtu ambaye hasali tena popote wala hatarajii lolote ng'ambo ya kaburi. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa namna hiyo hupatikana Ulaya tu. Ni kweli kwamba sensa za Tanzania hazijauliza habari za dini tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo mtu huyo haonekani katika hesabu ya Serikali. Lakini nchini Kenya, ambako swali hilo liliulizwa katika sensa ya mwaka 2019, watu zaidi ya 700,000 waliandikwa kuwa hawana dini. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba mpaka wa nchi huwazuia watu wa aina hii.

Mmoja wao tulikutana naye Ilagala. Alizaliwa na kubatizwa mbali na mkoa wa Kigoma, akaja pwani akiwa kijana kwa ajili ya uvuvi, baadaye akapanda michikichi. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Aliacha polepole, kama mtu anayeacha kwenda kwa rafiki, mpaka siku moja akatambua kwamba haamini tena. Tulimwuliza, kwa namna ya kuanzisha mazungumzo, ana umri gani. Alijibu kwamba zamani alipoulizwa hivyo alikuwa akisema anakaribia, na kila mtu alielewa kwamba anakaribia nyumbani. Sasa huhesabu masika. Hajui yamebaki mangapi, ila anajua kwamba yanapungua, na kwamba hakuna yatakakompeleka.

Ili kuielewa kauli hiyo yatupasa kukumbuka kwamba katika sehemu hizi umri umehesabiwa kwa namna zaidi ya moja. Kwa Waha, Watongwe na majirani zao, mzee alikuwa mtu aliyesogea karibu na wale waliotangulia. Kila mwaka ulimwongezea uzito, kwa kuwa kesho yeye mwenyewe angekuwa miongoni mwa mizimu inayokumbukwa kwa jina, na mjukuu angelichukua jina lake. Uzee haukuwa mwisho wa barabara. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza safari hiyo kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani: mtu hutoka katika sasa na kuzama taratibu katika zamani. Wapo waliompinga Mbiti, nasi tunakubali kwamba alijumlisha mno, lakini katika habari ya uzee hatuoni kwamba alikosea sana.

Kanisa lilipofika liliugeuza uso wa hesabu hiyo. Mzee Mkristo alitazama mbele. Zaburi ya 90 ilimfundisha kuhesabu siku zake mbele za Mungu, na Simeoni na Ana katika Luka 2 walimwonyesha kwamba mtu aweza kuwa mkongwe na bado akawa anangoja jambo jipya. Uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea katika Afrika Mashariki uliongeza hesabu nyingine. Mtu aliyeokoka alikuwa na umri wa aina mbili, wa kuzaliwa na wa kuokoka, na katika ushuhuda wake alitaja tarehe ya pili kwa furaha kuliko ya kwanza. Sote tumewasikia wazee wa miaka 70 wakijiita watoto wa miaka 10 katika Bwana.

Sasa mtazame mtu anayetoka humo. Tarehe yake ya pili imefutika. Hana mizimu inayomngoja, kwa kuwa Kanisa lilimwondoa huko zamani. Wala hana mbingu, kwa kuwa imani imemtoka. Jirani zake bado husema kwamba amekula chumvi nyingi, na katika bonde hili usemi huo una ladha yake, maana chumvi ya Uvinza imechemshwa kandokando ya Malagarasi kwa zaidi ya miaka 1,000. Heshima hiyo anabaki nayo. Lakini ni heshima ya miaka iliyokwisha kuliwa tu.

Wanaotoka katika imani wakiwa vijana, kama baadhi ya wanafunzi wa vyuo vyetu, husema mara nyingi kwamba wamejisikia wachanga, kana kwamba wamepewa maisha yao upya. Anayetoka akiwa na miaka 60 au zaidi huona jambo jingine: miaka 40 ya kukesha, kutoa sadaka na kujinyima, na hajui aiweke katika fungu gani. Je, ilipotea? Hili ndilo jeraha lake kubwa, kuliko hofu ya kufa.

Kuhusu hofu ya kufa, tunakiri kwamba mahubiri yetu yametupotosha. Tumezoea kusema kwamba asiyeamini hufa kwa kitetemeshi. Paul Wink na Julia Scott walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wao juu ya wazee wa California waliozaliwa katika miaka ya 1920. Waliona kwamba walioiogopa mauti zaidi hawakuwa wale wasio na dini, bali watu wa katikati, ambao imani yao na matendo yao havikupatana. Walioamini kwa uthabiti na wasioamini kwa uthabiti walikuwa watulivu zaidi. California si Kigoma, lakini mchungaji aliyekaa kando ya vitanda vya wagonjwa ataitambua habari hiyo, nasi tunadhani inawahusu washarika wetu wanaojaza viti kila Jumapili kuliko yule mzee asiyekuja.

Jambo la miaka iliyopotea lina mfano unaojulikana. Mwaka 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa na miaka 32, alihutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Mashariki huko Nairobi. Alianza kwa kutangaza kwamba yeye si mtu wa Kanisa, wala si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja aliinuka kwa hasira, akitikisa fimbo yake, akampinga: atakanaje kuwa Mkristo naye anaitwa James? Ngũgĩ alilichukua neno hilo kwa uzito na baadaye akaliacha jina hilo. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari ya ukoloni na majina. Sisi tunakiona pia kama habari ya umri. Mzee alikuwa akisema kwamba miaka iliyopita haifutwi kwa tamko la siku moja, na kijana alikuwa akijaribu kuitoa hata alama yake ya mwisho. Tena yafaa kukumbuka kwamba Ngũgĩ huyo huyo, alipovuka miaka 70, aliandika vitabu vya kumbukumbu za maisha yake, na katika kile cha mwaka 2012 aliirudia miaka yake ya shule ya Alliance, pamoja na bidii ya dini aliyokuwa nayo wakati huo. Hakurudi kanisani, naye alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 87. Lakini miaka ile aliisimulia kama miaka yake mwenyewe.

Hapa ndipo theolojia yetu ya Kilutheri ina la kusema, kama tukiiacha iseme. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther aliwapinga waliofundisha kwamba ubatizo ni merikebu inayovunjika mtu anapoanguka katika dhambi. Merikebu haivunjiki, alisema; mtu ndiye huanguka majini, nayo huendelea kuwapo. Watu wa ziwani hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Kama ni hivyo, basi miaka 40 ya mzee wetu haikupotea, wala haitegemei yeye aikumbuke kwa imani ndipo iwe na thamani. Imeshikwa na Mwingine. Tunaweza kumwambia hivyo bila kumdai aamini kwanza.

Badala yake tumefanya nini? Wengine wetu tumengoja augue, tukitumaini kwamba kitanda kitafanya kazi iliyotushinda. Wengine tumemtumia ujumbe kupitia watoto wake kwamba hatazikwa na Kanisa. Luther alipoandika mahubiri yake juu ya kujitayarisha kufa, mwaka 1519, alimtaka mtu aitazame mauti wakati angali mzima, na saa yenyewe ikifika amtazame Kristo. Sisi tumeigeuza mauti kuwa fimbo. Nikodemo alipouliza katika Yohana 3 jinsi mzee awezavyo kuzaliwa tena, hakutishwa. Alijibiwa usiku ule ule, kwa utaratibu, naye akaondoka bila kukata shauri.

Suala la maziko lazungumzwe mapema na mwenyewe, akiwa na akili timamu, mbele ya watoto wake. Kanuni za sharika hutofautiana, na mchungaji hana ruhusa ya kuzivunja. Lakini hakuna kanuni inayomzuia kumtembelea mtu, wala kumwuliza anataka nini kisemwe juu yake. Wapo watakaosema kwamba huko ni kulegeza nidhamu ya Kanisa. Tunaona kwamba nidhamu inayoanza kazi mtu akiisha kufa imechelewa.

Mzee wa Ilagala alitutolea cheti chake. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, na mikunjo yake imetobolewa na wadudu. Tulimwuliza mbona bado anakitunza. Alijibu kwamba bila hicho hajui ana miaka mingapi. Kisha akatuomba, kwa kuwa macho yake hayaoni vema, tumsomee majina ya wadhamini wake wa ubatizo. Tukamsomea. Wote wawili wamekufa siku nyingi. Akaomba tusome tena.