Springi Iliyolala

Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Magari ya aina hiyo bado hushindana katika East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003 na ambayo mara kadhaa imeanzia Mombasa. Kabla ya kuliwasha gari la umri huo, angalia kwanza kama limesimama kwenye kimo chake.

Wengi husema springi kuukuu imelegea. Sivyo. Ugumu wake hutokana na aina ya chuma, unene wa waya, upana wa mzingo na idadi ya mizunguko, na hayo hayabadiliki kwa umri, labda kutu ya chumvi ya bahari iwe imeula waya. Kinachopotea ni urefu. Chuma kilichobeba mzigo miaka mingi hulala kidogo kisirudi. Kwenye Datsun hii, springi ikifupika milimita 20 gari hushuka karibu kiasi hichohicho, na nafasi ya gurudumu kupanda likipiga shimo hupungua vivyo hivyo. Mikono ya chini ya magurudumu nayo hubadili pembe, na gari huinama zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu kama zamani.

Kupima kimo huanzia ardhini. Kibarani, Mombasa, palipokuwa jaa la taka kwa miaka mingi, ardhi ya kifusi hutitia, kwa hiyo uwanja usiaminiwe kwa macho. Chukua mpira wa maji wa fundi mwashi, uhakikishe magurudumu yote manne yamekanyaga usawa mmoja. Jaza upepo sawasawa, toa mizigo. Kisha, na hili hupuuzwa sana, sukuma gari mbele na nyuma mita chache. Likitoka kwenye jeki, matairi hung'ang'ania sakafu yakiwa yamevutwa ndani, na gari hubaki juu kuliko kimo chake.

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, ili tairi lililolika lisikudanganye. Madigadi iliyowahi kugongwa na kunyooshwa pia hudanganya. Linganisha na chasisi. Kona ya mbele kushoto ikiwa chini, kagua na springi ya nyuma kulia: ikiwa ndefu mno, ndiyo inayoikandamiza.

Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa linaning'inia, mpira hujisokota linaposhushwa na kulishikilia juu, kipimo kikaonekana kizuri mpaka mpira utakapochanika.