Sura ya Nne: Sega na Mashamba ya Miwa

Asimamaye Uru siku ya kweupe, akatupa macho kusini kupita mji wa Moshi, huyaona mashamba ya miwa ya Arusha Chini, yaliyoanzishwa mwaka 1930 na kampuni ya Denmark, ambayo hata leo twayaita TPC. Mchaga mwenye kihamba chake cha migomba na kahawa, na tangu 1933 mwenye ushirika wake wa KNCU, hakuona haja ya kuteremka bondeni kukata miwa ya mtu; basi kazi ile ikawaangukia wageni wa mikoa ya mbali. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa ilinunuliwa na matajiri wa miwa wa Morisi na Réunion, visiwa ambavyo mashamba yake, zama za utumwa, yalilimwa kwa jasho la watu wa pwani yetu.

Maana mwaka 1776 Mfaransa Morice aliafikiana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kila mwaka, wa kupelekwa visiwani huko. Hao, pamoja na wenzao wa Msumbiji na Bukini, ndio asili ya sega, muziki na mchezo wa Morisi na Réunion. Ngoma yake, ravanne, ni ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya duara la mbao, nayo haipigwi kabla ya kuoteshwa moto ngozi ikakaza, kama wafanyavyo wapigaji wetu. Kando yake hutikiswa maravanne, kisanduku bapa cha mabua ya miwa kilichotiwa mbegu. Wachezaji hawanyanyui nyayo, bali huziburura, viuno vikifanya kazi, hata wakashuka magotini wakaegemea nyuma.

Wako wadaio kuwa sega ilivuka bahari nzima nzima kutoka Afrika. Siafiki. Mmakua wa Msumbiji na Mmalagasi wa Bukini hawakuwa na lugha moja wala mchezo mmoja. Shamba ndilo lililowakutanisha, nao wakaitunga ngoma mle mle, kwa Krioli waliyoizusha wenyewe. Kadhalika huko San Pedro de Macorís, katika Jamhuri ya Dominika, wajukuu wa wakata miwa waliotoka visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza wangali na michezo yao ya ngoma, ambayo UNESCO iliitukuza mwaka 2005.

Utumwa ulipokomeshwa Morisi mwaka 1835, wenye mashamba walileta Wahindi wa mkataba, waliokuja na nyimbo zao za Kibhojpuri. Na baadaye sega yenyewe ikaimbwa kwa lugha hiyo pia.