Fahamu: Dampo la Tabata lilivyoibana Halmashauri ya Jiji

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, uvundo na nzi wa dampo la Jiji la Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu. Wakashinda: Halmashauri ya Jiji ikaamriwa iache kumwaga taka pale. Haikuacha. Ikawa inarudi mahakamani kuomba iongezewe muda (ndiyo, muda wa kuendelea kuchafua), hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipogoma. Alisema ombi hilo linagongana na ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda uhai. Hukumu ilikuwa na uzito wake, kwani haki zilizomo katika Katiba zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988 tu. Baada ya hapo malori ya taka yakahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi, wakashinda.